Waliokaa Chini ya Mti

Mwaka 1928 alifika Amani, kule milima ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, Mwingereza mmoja aitwaye Reginald Moreau. Hakuwa bingwa wa ndege kwa masomo. Alikuwa mkaguzi wa hesabu za jeshi, na kwa sababu ya maradhi ya viungo alikuwa amehamishiwa Misri, ambako hewa ni kavu na joto halikosekani. Huko Misri ndiko alikoanza kutazama ndege, kama wengine wanavyocheza bao au kulima bustani baada ya saa za kazi. Amani aliitwa kushika shughuli za ukatibu na maktaba katika kituo cha utafiti wa kilimo. Kituo hicho kilikuwa kimejengwa na Wajerumani mwaka 1902, kikapita mikononi mwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Basi mtu wa mafaili akajikuta anaishi katikati ya msitu ambao ndege wake wengine hawapatikani popote duniani ila katika milima michache ya kwetu.

Nimeanza na mtu huyu kwa sababu habari zake zinatupa jibu la swali ambalo walimu wanafunzi waliniuliza mara nyingi: je, kutazama ndege uani ni kazi au ni mchezo? Kwa Moreau ulianza mchezo, ukaishia elimu inayofundishwa mpaka leo. Lakini mchezo huo hakuucheza peke yake, na hapo ndipo penye hadithi yangu.

Amemwandika hondohondo kwa undani. Msomaji aliyekulia Tanga, Morogoro au Iringa anamfahamu ndege huyu, japo pengine kwa jina la kilugha: mkubwa, mweusi na mweupe, mdomo mzito wenye pembe juu yake, na sauti inayofanana na kilio cha mtoto aliyenyimwa. Siku za kutaga zikifika, jike huingia katika tundu la mti mkubwa. Dume humeza udongo, huuchanganya na mate tumboni, kisha huutapika vidonge vidonge na kumkabidhi jike, naye jike huziba mlango kwa ndani. Hubaki mwanya mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Wazigua na Wabondei wanaojua kumweka mwali ndani hawatashangaa sana, isipokuwa kwamba mwali huyu amejifungia mwenyewe. Humo hutaga, huatamia na kulea kwa muda wa miezi minne hivi, wala hatoki mpaka kinda lake liweze kuruka. Siku zote hizo riziki iko juu ya dume.

Riziki hiyo ilihesabiwa. Katika msimu mmoja ilikadiriwa kwamba dume mmoja alikwenda kwenye kiota mara 1,600 katika siku 120, akapeleka matunda yapatayo 24,000. Tukiigawa hesabu hiyo kama tulivyozoea ubaoni, ni safari 13 kwa siku, na katika kila safari matunda 15, anayoyacheua moja moja na kuyapenyeza katika mwanya. Akifa dume huyo, akapigwa na mwewe au na manati ya mtoto wa jirani, mke na mwana wamo ndani ya shina la mti wakingoja. Ndiyo maana mimi humkemea kwa ukali zaidi mtoto anayemlenga hondohondo kuliko yule anayeiba maembe yangu.

Sasa tuulize: nani aliyehesabu? Moreau alikuwa na ofisi ya kuendesha, barua za kujibu na vitabu vya kupanga. Mtu wa ofisi hawezi kukaa chini ya mti tangu mapambazuko hadi magharibi, siku baada ya siku. Alichofanya, na hapa alikuwa mbele ya wengi wa wakati wake, ni kuwafunza wafanyakazi wa Kiafrika kukaa karibu na viota, kutazama, na kutoa hesabu ya kila safari ya mzazi: ameingia saa ngapi, amekaa kwa muda gani, ameleta nini. Kwa njia hiyo zilipatikana takwimu za viota vya mbayuwayu na ndege wengine, zilizochapishwa Uingereza kabla ya vita kwisha. Kwa wakati ule hapakuwa na kamera ya kufunga mtini. Kamera ilikuwa ni macho ya mtu, na subira yake.

Mmoja katika watu hao jina lake limesalia: Salimu Asmani. Huyu ndiye aliyekuwa mkusanyaji mkuu wa Moreau, aliyepanda naye milima na kuijua sauti ya ndege kabla ya kuliona unyoya wake. Wengine wamebaki kuwa “wenyeji” au “watazamaji” katika maandishi, kama mawe ya msingi yaliyofukiwa udongoni. Yupo ndege mdogo wa Amani mwenye mdomo mrefu, adimu mno, ambaye tangu mwaka 1931 anaitwa kwa jina la Moreau katika Kilatini cha wataalamu. Yupo mwingine wa Uluguru aliyepewa jina la mkewe, Winifred, mwaka 1938. Sina kinyongo na majina hayo, maana mume na mke wote wawili walifanya kazi kweli kweli. Nasema tu kwamba vitabu vina kurasa nyingi, na jina la mtu halili nafasi kubwa.

Mwenye kudhani kwamba hesabu za viota ni upuuzi na asikilize yaliyofuata. Mwaka 1934 alifika Amani kijana mwingine wa Kiingereza, David Lack, kumtembelea Moreau. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, jambo linalonifurahisha kupita kiasi. Huku kwetu alimchunguza yule ndege mwekundu na mweusi wa kwenye majani marefu na mashamba, anayejitutumua wakati wa mvua kama bwana harusi: jinsi dume mmoja anavyokamata eneo lake na kukaribisha majike kadhaa ndani yake. Aliporudi shuleni kwake alianza kuwavisha pete za rangi miguuni ndege wadogo wa kifua chekundu waliokuwa wakiishi katika viwanja vya shule, ili amjue kila mmoja kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake. Kitabu alichokitoa mwaka 1943 juu ya ndege hao wa uani kinasomwa hadi leo.

Mwaka 1944 Moreau alichapisha uchunguzi mrefu juu ya idadi ya mayai. Akilinganisha Afrika na Ulaya, alionyesha kwamba ndege wa kwetu kwa kawaida hutaga mayai machache kuliko ndugu zao wa kaskazini. Shore wa Muheza hutaga mawili au matatu, lakini kule mayai matano sita katika kiota kidogo si ajabu. Kwa nini? Lack akajibu miaka michache baadaye kwamba idadi ya mayai imepimwa na uwezo wa wazazi wa kulisha. Kiangazi cha kaskazini kina mchana mrefu sana, wazazi wana saa nyingi za kutafuta wadudu. Sisi wa karibu na Ikweta tuna saa 12 za mwanga, basi. Wataalamu wamebishana na jibu hilo tangu siku hizo, wengine wakiwataja nyoka na wanyama walao makinda, wengine mambo mengine, na mjadala haujafungwa. Lakini tazama ulipoanzia. Huwezi kuuliza kama wazazi wanamudu kulisha pasipo mtu kukaa chini na kuhesabu wanalisha mara ngapi.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, katika miaka ambayo chaki yenyewe ilikuwa ya kugawana vipande, nililileta zoezi hili katika somo la sayansi. Vifaa: daftari, penseli na saa moja kwa watu wanne. Kila kundi lilipewa kiota. Walicheka, bila shaka. Mmoja aliinua mkono akaniuliza, “Mkuu, tumekuja kusomea ualimu au uwindaji?” Nikamwambia mwindaji anayeshindwa kukaa kimya hali nyama. Kundi lake lilipata kiota cha chozi, kile kifuko kilichoning'inia kwenye kijiti karibu na bweni la wasichana, na baada ya wiki moja yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kunieleza kwamba jike peke yake ndiye aliyejenga na ndiye anayeatamia, huku dume akimeremeta juani pasipo kazi. Darasa la wasichana liliishangilia taarifa hiyo kwa makofi. Wiki ya tatu ikabidi arekebishe: makinda yalipotoka, yule dume mvivu alianza kuleta wadudu. Sijui kama somo lolote nililofundisha mwenyewe lilikaa vichwani mwao kama hilo.

Wengine walipangiwa mnana wa mnazini. Hao walikuwa na kazi rahisi, maana mnana hafichi lolote. Dume hufuma, huning'inia chini ya kiota akipiga mbawa na kupiga kelele, jike huja kukagua. Asiporidhika huenda zake, na majani yakishakauka dume hukibomoa kiota chake mwenyewe na kuanza upya. Mnazi wenyewe ndio unaolipa gharama, kwa kuwa makuti yake huchanwa yakabaki njiti. Mwenye shamba na mtazamaji wa ndege hapo hawawezi kuwa na maoni mamoja, na sikuwalazimisha.

Turudi kwenye majina. Kusini mwetu, Malawi na Zambia, alikuwako Jali Makawa, mkusanyaji wa Mwingereza Constantine Benson kwa miaka mingi. Walifika pamoja hata visiwa vya Komoro, mwaka 1958. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi mwa Zambia, Makawa alimpata ndege mdogo mwenye kifua cheupe ambaye hakufanana na yeyote aliyejulikana. Mwaka uliofuata akapewa jina la kitaalamu, Pogoniulus makawai, kwa heshima ya aliyempata. Hajaonekana wa pili. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni unaelekea kusema kwamba yule ndege hakuwa wa aina ya peke yake, bali ni wa aina iliyozoeleka aliyezaliwa na rangi tofauti. Mzaha mchungu kidogo: Mwafrika mmoja anaandikwa ndani ya jina la ndege, halafu ndege mwenyewe anafutwa. Hata hivyo jicho lililotambua kwamba yule si kama wenzake halikukosea.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mlembe, kiongozi wa asali. Mreno mmoja, padri João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika habari za ndege mdogo aliyeingia kanisani kula nta ya mishumaa, na jinsi anavyowaongoza watu mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1609. Wazee wetu waliyajua hayo siku nyingi kabla ya mishumaa kufika Sofala. Bado wasomi wengi walidhani ni hadithi za warina asali, mpaka mwaka 1989 mtafiti Mkenya Hussein Isack, wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walipochapisha matokeo ya kufuatana na warina asali wa Kiborani kaskazini mwa Kenya. Mtu asiyeongozwa na ndege alichukua kwa wastani saa 8.9 kupata nyuki. Aliyeongozwa alichukua saa 3.2. Waborani walikuwa wamedai kwamba ndege huwaonyesha upande wa kwenda, umbali uliobaki, na kwamba wamefika. Vipimo vikayathibitisha madai yao. Safari hii waliokaa na ndege walisikilizwa kama watu wenye elimu, na jina la kwanza juu ya makala lilikuwa la mtu wa hapa hapa.

Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na wageni kutoka Ulaya na Marekani huja na darubini za bei ya ng'ombe kumtafuta yule ndege wa mdomo mrefu. Mara nyingi wanaowaongoza ni vijana wa vijiji vya huko huko, wanaojua miito yote kwa masikio. Nimewasikia wakitaja ndege kwa Kiingereza bila kusita, na kwa Kisambaa bila kusita. Kwa Kiswahili husita, kwa kuwa ndege wengi wa msituni hatujawapa majina.

Mimi darubini sina, na macho yenyewe yamechoka. Nina ua wenye mlimau, mipapai mitatu na beseni kuukuu la maji, na nina daftari. Msimu wa vuli shore alijenga kwenye mlimau na kutaga mayai mawili. Siku ya saba baada ya makinda kutoka nilikuwa zahanati tangu asubuhi. Jirani yangu, fundi baiskeli, ambaye kwa kawaida hunicheka, alihesabu safari za wazazi akiwa anaziba pancha upande wa pili wa michongoma: safari 41 kabla ya adhuhuri, akaacha kidogo tu kumhudumia mteja. Nimeiandika hesabu yake, pamoja na yale mapumziko, na mbele yake nimeandika jina lake kamili na la baba yake.