Rangi Nne, Kivumishi Kimoja

Wapenzi wa lugha, mimi na Bendera ya Taifa ni hirimu moja: sote tulianza mwaka 1964. Ualimu nimestaafu, nami natulia hapa Lushoto. Lakini liko swali moja la darasani ambalo halijastaafu nami.

Nilifundisha maana ya rangi za bendera kama nilivyofundishwa: kijani ni ardhi na uoto, nyeusi ni watu, buluu ni maji, manjano ni madini. Wanafunzi waliimba, nami nikaridhika. Siku moja kijana aliyehamia kwetu kutoka Pemba akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Mbona buluu imewekwa chini?" Nilielewa alichokuwa akiuliza. Kwa kuwa sikuwa na jibu, nilimwambia aketi, kwani swali hilo halimo katika mtihani. Akaketi, na hakuuliza tena mwaka ule mzima.

Laiti ningaliitazama historia kwa makini, jibu ningalilipata. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipandisha bendera ya kijani yenye mkanda mweusi katikati, na kingo za mkanda huo zilikuwa za manjano. Kijani na nyeusi zilikuwa rangi za TANU. Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, iliachana na bendera nyekundu ya enzi ya Sultani, na punde ikashika buluu, nyeusi na kijani, rangi za Afro-Shirazi. Muungano ukaja tarehe 26 Aprili, na bendera tuijuayo leo ikapitishwa tarehe 30 Juni mwaka huohuo.

Sasa tuzihesabu. Kijani na nyeusi zilikuwamo katika bendera zote mbili kabla ya Muungano. Manjano ililetwa na bendera ya Tanganyika. Buluu ikaletwa na ya Zanzibar. Kwa hiyo kila upande ulitoa rangi moja yake, na mbili zilikuwa za wote tangu awali. Kijani si Tanganyika, wala buluu si Zanzibar. Ni kweli kwamba kijani imekaa juu, karibu na mlingoti, na buluu chini, upande unaopepea, hilo sitalificha. Lakini hapa kwetu Usambara twajua vizuri mambo ya juu na chini: Mto Umba huanzia katika misitu ya milima hii, ukateremka hadi Bahari ya Hindi. Kijani yetu isipotunzwa, buluu huko chini hupungukiwa.

Zaidi ya hayo, lugha yetu yenyewe ina neno la kusema. Kijani tumeitoa katika jani. Manjano ni kile kiungo cha jikoni. Buluu tumeiazima, kama neno "bendera" lenyewe tulivyoliazima kwa Wareno. Maneno haya hayabadiliki: twasema kitambaa cha kijani, vitambaa vya kijani, nayo rangi imebaki vilevile. Katika rangi nne za bendera, ni nyeusi peke yake iliyo kivumishi cha asili chenye kukubali upatanisho: mtu mweusi, watu weusi, kitambaa cheusi, nyuso nyeusi. Huingia katika kila ngeli na kuvaa vazi la mwenyeji wake.

Sidai kwamba waliobuni bendera waliwaza sarufi. Nasema tu kwamba rangi iliyopewa watu ndiyo hiyo yenye kupatana, nayo ndiyo iliyowekwa katikati, ikipanda mshazari kutoka pembe ya chini ya mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kijani na buluu hazigusani popote pasipo kupitia kwake. Washairi mtanielewa: mshororo una ukwapi na utao, na hakuna anayeuliza kipi ni bwana wa mwenziwe, tunachouliza ni kama vina na mizani vimetulia.

Haya ndiyo ningalipaswa kumwambia yule kijana, kisha nimwache naye aseme lake, maana huenda asingaliridhika, na hiyo pia ni haki yake. Leo ni mtu mzima. Popote alipo, namwomba radhi. Swali lake lilistahili kuwamo katika mtihani.