Klorini ya maji katika kambi za Kasulu na Kibondo

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, mwaka 1996. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya 2015. Katika kambi za namna hii, kanuni iliyozoeleka iliridhika na miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita pale bombani. Utafiti wa kambi za Sudan Kusini, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupungua mno kabla maji hayajanywewa, ukapendekeza takribani miligramu 1. Maji hukaa saa nyingi ndani ya dumu, na uchafu ulioganda humo huila dawa. Kwa hiyo kipimo chenye maana ni cha nyumbani: sampuli hutiwa kidonge cha kupimia klorini, na ikigeuka waridi, kinga bado ipo.

Wapo wanaosema dawa ikizidi, watu watayakimbia maji na kurudi mtoni. Hoja hiyo ni nzito, ingawa ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 5. Jibu lake ni kuwasikiliza wanywaji, si kupunguza dawa kwa kubahatisha. Wala takwimu za Sudan Kusini, kwenye joto kali, zisibebwe nzima nzima hadi nyanda za Kigoma. Kila kambi ipime majumbani kwanza, ndipo ipange kiwango chake.