Vita ya Sauti: Kwa Nini Wimbo Wetu Ulikwaruza

Wadau, wengi mmeuliza mbona ule wimbo wetu wa mwezi wa sita ulikwaruza kwenye spika za uwanjani. Jibu ni fupi: kosa letu. Siku ya kuueksipoti kila mtu alisema, "Ongeza kidogo." Tukaongeza mpaka taa nyekundu ikawaka, tukaona poa tu. Yule mama anayeimba polepole mwishoni, kwa lugha ya nyumbani, akamezwa na ngoma.

Lakini jamani, sisi siyo wa kwanza. Kosa hili lina historia.

Enzi za santuri, sauti ilikuwa mfereji uliochongwa. Besi ikizidi, mfereji unapanuka, unakula nafasi, na sindano inaweza kuruka. Fundi alikuwa na mpaka. Hata hivyo mashindano yalikuwepo. Kwenye baa za Marekani, mashine moja ilipiga santuri za watu wote, na iliyorekodiwa kwa nguvu ndiyo iliyogeuza vichwa. Sikio lina udhaifu huo. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba muziki ukiwa chini, besi inatupotea kuliko sauti za kati. Ukiongeza, inarudi, nasi tunadhani wimbo umekuwa mzuri zaidi.

Mwaka 1982 ikaja CD. Hapa sauti ni namba, na namba zina dari: desibeli sifuri. Ukipita hapo, kichwa cha wimbi kinakatwa bapa. Ule mkwaruzo ndiyo huo. Sasa kama dari haipandi, watu wakaamua kupandisha sakafu. Miaka ya 1990 zikaja limita za kompyuta: zinabana vilele, halafu zinainua kila kitu. Albamu ya Oasis ya 1995 ilisikika kubwa kuliko nyingi za wakati wake, na wengine wakafuata. Mwaka 2008 Metallica walitoa Death Magnetic. Mashabiki wakagundua kwamba nyimbo hizo hizo ndani ya gemu ya Guitar Hero zilisikika safi zaidi, kwa sababu hazikubanwa vile. Maelfu wakatia saini kuomba albamu imiksiwe upya.

Suluhu ilitoka kwenye redio na televisheni. Mwaka 2006 shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilitoa njia ya kupima sauti karibu na sikio linavyosikia. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakapanga kiwango chao, LUFS -23. Leo Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, inaleta nyimbo karibu na -14. Ukipeleka wimbo wa -7, inaushusha desibeli saba. Yaani umeubana, umeuharibu, na bado umepunguzwa!

Basi tumekubaliana hivi studio:

1. Wakati wa kumiksi, vilele viishie karibu na -6, ili masta ipate nafasi.
2. Limita iwekwe dari ya -1, maana faili ikigeuzwa kuwa MP3 vilele vinaweza kupanda tena.
3. Hifadhi WAV ya biti 24 kwanza, MP3 baadaye.
4. Ukilinganisha na wimbo wa msanii mwingine, sawazisha sauti kwanza. Kikubwa kitakudanganya.
5. Spika za uwanjani zina kitufe chao. Kama ni ndogo, mwenye spika aongeze.

Waliokulia na rumba wanajua: sebene inakuamsha kwenye kiti kwa sababu wimbo ulianza taratibu. Kila kitu kikiwa juu, hakuna kinachopanda.

Sisi tumezoea kuamini kwamba usipopiga kelele hakuna atakayekusikia. Naelewa, foleni zimetufundisha hivyo. Ila juzi tumetoa wimbo upya, chini kuliko mwanzo, na kwa mara ya kwanza maneno ya yule mama yanasikika yote. Faili iko kwenye grupu. Mkiona iko chini, ongezeni simu zenu.