Njia ya Ujiji na Ugumu wa Kuipenda *Nagona*

Mji wa Ujiji, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, hukumbukwa zaidi kwa mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871. Kwa mwanafunzi wa nathari ya Kiswahili mji huo una umuhimu mwingine. Hapo ndipo ilipokomea njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Safari za njia kama hiyo zilichangia sana kuifundisha nathari ya Kiswahili namna ya kusimulia.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko ambamo Sleman bin Mwenye Chande, miongoni mwa wengine, anasimulia safari yake ya bara. Muda si mrefu baadaye yakatoka maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, kama alivyoyaandika mwenyewe kabla ya kufariki mwaka 1905. Masimulizi haya yamejengwa kwa vituo. Msafara huondoka, hufika, hulala, hulipa hongo, huondoka tena. Kiungo chake cha kisarufi ni kiambishi *-ka-*: tulitoka, tukafika, tukapiga kambi. Kiambishi hicho humwahidi msomaji kwamba tendo la pili limelifuata la kwanza, na kwamba mbele kuna mahali pa kufika.

Riwaya iliyokuja baadaye iliirithi ahadi hiyo. Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, aliitimiza katika *Rosa Mistika* (1971). Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, lakini hakuna aliyelalamika kwamba hakifuatiki. Maisha ya Rosa yana mwanzo, kuanguka na mwisho, na msomaji huyafuata hatua kwa hatua.

Kisha zikatoka *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991). Wahakiki wengi walizipokea kama kilele cha riwaya ya majaribio ya Kiswahili, wala hawakukosea kuona uzito wake. Hata hivyo wasomaji wengi, wakiwamo wanafunzi wa fasihi, wamezisoma kwa taabu, na baadhi yao wamezifunga wakiona aibu kusema kwamba hawakuzifurahia. Aibu hiyo inastahili kuchunguzwa.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba ugumu wake hauko katika msamiati. Sentensi za *Nagona* kwa kawaida ni fupi na nyepesi, na kitabu chenyewe ni chembamba, hakifiki kurasa mia. Tatizo liko kwenye ahadi ile ya kale. Mhusika anasafiri kama walivyosafiri watu wa misafara, na vitenzi vinafuatana, lakini matukio hayazaani. Mji alioufikia haumweki karibu zaidi na kikomo kuliko alioutoka. Sarufi inasema “kisha”, kisa kinakataa. Katika kitabu cha pili jina lenyewe linaonya, kwani mzingile ni njia za kupoteza watu.

Utetezi uliozoeleka husema kwamba msomaji asiyefurahia hana elimu ya kutosha ya falsafa. Utetezi huo una ukweli kidogo na madhara makubwa. Ni kweli kwamba katika *Nagona* hutajwa wanafalsafa na wanasayansi kama vile Plato, Darwin na Nietzsche. Lakini majina hayo hayakupewa damu na nyama ya kutosha kumwezesha asiyewajua kukutana nao kwa mara ya kwanza. Hilo ni pungufu la kitabu, na msomaji anayelitaja ametoa hoja ya kihakiki. Tena Kezilahabi mwenyewe, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alilishughulikia tatizo la kufasiri fasihi ya Kiafrika. Si haki basi kumtetea kwa kumnyamazisha msomaji wa Kiswahili kwa majina ya wakubwa.

Historia ya Ujiji inaweza kusaidia hapa. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia, lakini kwa wengi haukuwa mwisho wa safari. Waliokuwa wakienda Manyema walivuka ziwa kwa mitumbwi na madau, na majini hapakuwa na njia iliyokanyagwa na waliotangulia. Kiswahili nacho kilivuka, kikageuka huko ng’ambo na kuitwa Kingwana. Mpagazi hakulaumiwa kwa kutojua kupiga kasia. Alihitaji tu kuambiwa kwamba usafiri umebadilika.

Msomaji wa *Nagona* mara nyingi hakuambiwa. Amepewa sifa za kitabu kabla ya kuonyeshwa kwamba asitafute vituo, bali asikilize marudio: ukimya unaorejea, kicheko kinachorejea, ngoma inayongojwa. Akishaonyeshwa, huenda akavuka na kufurahi. Huenda pia akavuka, akaelewa, na bado asipende. Darasa la fasihi halina budi kuyapokea matokeo yote mawili. Swali la kwanza la mwalimu liwe: ni katika ukurasa gani ulipotea, na ulikuwa ukitarajia nini hapo? Majibu ya wanafunzi, yakikusanywa na kulinganishwa, yataeleza mengi kuhusu riwaya hii na kuhusu mazoea ambayo karne nzima ya nathari imetujengea.