Siku 12 za Rureke wa Bese

Mtu atakaye kuijua historia ya waigizaji wa zamani katika nchi yetu ya Kivu aghalabu huelekezwa kwenye mabango ya sinema na picha za kumbi zenye mapazia, na kwa kuwa katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale hapakuwa na pazia wala bango katika zama za wazee wetu, hurudi na jawabu jepesi kwamba huku hapakuwa na waigizaji. Jawabu hilo si la insafu. Mwaka 1956, miaka minne kabla ya uhuru wa Kongo, katika kijiji cha Bese, nchi ya Kisimba, teritwari ya Walikale, mwanamume mmoja wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke alisimama mbele ya watu akaimba, akasimulia, akacheza na kuigiza kwa muda wa siku 12, akawa yeye peke yake mfalme na mtoto mchanga, shangazi na nyoka wa majini, radi na buibui. Na kazi ilipokwisha, mojawapo ya tendi kubwa za Afrika ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Utendi huo ni wa Mwindo. Jina la Mwindo limesafiri mbali kuliko jina la mtu yeyote wa Walikale, ingawa mwenyewe hakupata kuishi ila katika hadithi. Jina la Rureke, aliyekula na kunywa na kuchoka na kutokwa jasho kwa ajili ya Mwindo, limebaki katika dibaji ya kitabu. Aliyemfuata Bese ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji, mtafiti wa taasisi ya IRSAC iliyokuwa na makao yake Lwiro karibu na Bukavu, ambaye katika miaka ya 1950 alikaa na Wanyanga akikusanya hadithi, mafumbo na methali zao. Pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyekuwa mshirika wake katika utunzi wa kitabu, aliutoa utendi huo mwaka 1969 katika matbaa ya Chuo Kikuu cha California, kwa Kinyanga na kwa tafsiri ya Kiingereza. Tangu siku hiyo wanachuoni wameusoma kama sahifa, wakapima maneno yake na kuzilinganisha sura zake na tendi za mataifa mengine. Sina neno juu ya kazi hiyo, ambayo ina faida kubwa. Ninalodai ni kwamba Rureke hakuwa chemchemi ya maneno tu, mahali ambapo mtaalamu huinama akateka maji akaenda zake: alikuwa mwigizaji, na kazi yake yapasa kuhesabiwa katika historia ya uigizaji kama inavyohesabiwa kazi ya mtu aliyecheza jukwaani London au mbele ya kamera.

Wanyanga ni taifa dogo la msituni, majirani wa Wahunde wa Masisi. Maisha yao ya zamani yalisimama juu ya migomba, mitego na uwindaji, katika vijiji vidogo ambavyo kila kimoja kilikuwa na banda la wanaume, mahali pa kuota moto, kula pamoja, kukata mashauri na kusikiliza habari. Hadithi za kawaida kila mtu aliweza kuzisimulia, mke na mume, mkubwa na mdogo. Lakini hadithi ndefu ya shujaa, ambayo wao huiita karisi, haikuwa ya kila mtu. Karisi ni jina la utendi na ni jina la pepo vilevile, na mwenye kuitenda fani hiyo huitwa she-karisi. Naye, kwa itikadi ya Wanyanga, haanzi kwa tamaa yake mwenyewe, bali pepo humjia akamtaka auimbe utendi huo, na kwa kuuimba hupata kinga ya maradhi na mauti. Basi mchezo wao haukuwa burudani peke yake. Ulikuwa nadhiri pia. Ndiyo maana Rureke anatajwa vitabuni kama She-karisi Candi Rureke, na cheo kimetangulia jina lake kama neno shehe linavyotangulia jina la mwanachuoni wa pwani.

Chuo cha fani hii kilikuwa ni kumfuata mkubwa. Kijana aliyeipenda alijiunga na she-karisi akawa miongoni mwa wapiga vijiti, na alipokuwa akipiga alisikiliza, akaitikia viitikio, akashika mpangilio wa visa, akaona mwalimu wake anapoinua sauti na anapoishusha, mpaka ikafika siku pepo akamwita naye. Hapakuwa na daftari la kunakili wala mtihani wa kupita.

Sasa natutazame jinsi mchezo ulivyotendeka. Vijiti vikavu hupangwa chini, juu yake hulazwa ubao wa mti, na vijana hukaa wakaupiga ubao huo kwa vijiti, wakitoa mdundo mkavu na wa haraka. She-karisi yuko katikati. Mkono mmoja una manyanga ya kibuyu yaliyotiwa mbegu. Mkono wa pili una conga, yaani mgwisho wa mkia wa nyama uliotiwa mpini wa mti. Huanza kwa wimbo, hadhira ikaitikia. Kisha husimulia kwa maneno, akasogea na kuyumba na kuonyesha kwa viungo vyote yale anayoyasema. Kisha huurudia wimbo wake. Watu humtuza shanga, fedha na chakula, naye hana haya ya kuviomba: baina ya kisa na kisa hutia wimbo wa kudai zawadi, au neno juu ya maisha yake mwenyewe, au hata humhimiza mwandishi aliyeketi mbele yake asichelewe, na yote hayo yameingia kitabuni pamoja na utendi.

Huo mgwisho ndio ninaotaka msomaji auangalie kwa makini. Mwindo, katika hadithi, alizaliwa kwa kupitia kidole cha kati cha mama yake, akatoka anacheka, anasema na anatembea, na katika mkono wake wa kulia alikuwa ameshika conga. Kwa conga hiyo huua na hufufua. Kwa conga hiyo hukausha maji na hulainisha mwamba. Yaani silaha ya shujaa na chombo cha mwigizaji ni kitu kimoja. Rureke hakuhitaji maleba wala kinyago ili kuwa Mwindo, kwani ilitosha ainue mkono, na watu waliokuwa wakimwona jirani yao wa siku zote wakamwona mtoto yule wa ajabu. Nimewahi kusoma maelezo mengi juu ya vifaa vya tamthilia za mataifa mbalimbali, na sikumbuki chombo kilichofanya kazi mbili kwa wepesi namna hii.

Kisa chenyewe ni kirefu. Shemwindo, mfalme wa Tubondo, ana wake saba, na anawapa amri kwamba asizae mmoja wao mtoto wa kiume, kwa kuwa mabinti humletea mahari. Mwindo anapozaliwa, baba yake anamrushia mkuki, anamzika, na mwisho anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inaelea, mtoto anaimba ndani yake, na anaelekea kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka mkuu wa majini.

Hapo pana tendo moja ambalo kila ninapolisoma naona mwigizaji akifanya kazi. Njia ya kwenda kwa shangazi inalindwa na Kasiyembe, ambaye amechimba mashimo na kuyatia nyembe ili mtoto aangamie. Mnyama mdogo mwenye miiba anamchimbia Mwindo njia ya chini kwa chini, buibui anamtandia madaraja juu ya mashimo, na Mwindo anacheza dansi pale pale palipotegwa asidhurike. Kisha anaapiza, na nywele za Kasiyembe zinashika moto. Watu wanakimbia mitungini na mtoni kuchota maji ya kuuzima. Mitungi mikavu, mto mkavu, wala mate hayapatikani kinywani. Ndipo shangazi anapojitokeza kumwombea adui, naye Mwindo anapunga conga, moto unazimika, maji yanarudi. Hebu fikiri mtu mmoja anayelazimika, kwa muda mfupi, kuwa buibui anayetanda nyuzi, mtoto anayecheza juu ya nyembe, mzee anayeungua kichwa, kundi la watu wenye kiu, na mwanamke anayesihi. Katika kumbi kubwa za dunia kazi hiyo hugawiwa watu sita au zaidi.

Yaliyobaki nayapitia upesi. Mwindo anarudi Tubondo na wajomba zake, Nkuba mwenye radi anauteketeza mji, Shemwindo anang'oa shina la mmea na kutoroka kuzimu, na mwanawe anamfuata huko, akashindana na Muisa, akacheza kamari na Sheburungu, akamrudisha baba yake. Hamwui. Wanaketi kitako mbele ya watu, baba anaungama kosa lake, na nchi inagawanywa baina yao. Baadaye Mwindo anaua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba anampandisha mbinguni akae mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua, hata ajue kwamba ushujaa una mpaka.

Jambo moja alilolisema Rureke mwenyewe lina uzito kwa mwenye kuchunguza historia ya fani: kabla ya siku zile 12 hakuwahi kuutenda utendi wote kwa mfululizo. Desturi ilikuwa kuchagua kisa kimoja au viwili kwa usiku mmoja, kwa kadiri ya hadhira na pombe na hali ya hewa. Hakuna aliyemwomba she-karisi aanze mwanzo na kufika mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajui mwanzo na mwisho. Aliyeomba ni mgeni mwenye karatasi. Kwa hiyo mchezo wa Bese ulikuwa kitu kipya hata kwa aliyeucheza, na kuvikusanya moyoni visa vilivyokuwa vimetawanyika katika usiku mwingi wa miaka mingi, akavipanga vikashikamana bila kupingana, ni ustadi unaostahili taadhima.

Katika miaka hiyo hiyo wenzake wa upande wa sinema walikuwa na nasibu zao. Mwaka 1950 ilitoka filamu ya King Solomon's Mines, iliyopigwa Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na Rwanda, na ndani yake Mnyarwanda mmoja mrefu, aliyeandikwa kwa jina moja tu la Siriaque, alicheza nafasi ya Umbopa kando ya Stewart Granger na Deborah Kerr. Mwanzoni mwa miaka hiyo huko Tanganyika, kijana Rashidi Kawawa alicheza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Kawawa anakumbukwa, lakini anakumbukwa kwa kuwa mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Na Siriaque, ambaye uso wake ulionekana na mamilioni ya watu, hajulikani kwa wengi hata katika nchi yake. Rureke hakupigwa picha ya sinema, na mwendo wa mwili wake umekwenda na waliomwona. Ila maneno yake tunayo, pamoja na mizaha yake na madai yake ya zawadi, na hilo ni zaidi ya tulilopata kwa wachezaji wengi wa karne ile.

Waliomzunguka walikwenda kila mmoja njia yake. Biebuyck alifundisha Marekani kwa miaka mingi, na mwaka 1978 akatoa kitabu kingine chenye masimulizi ya Mwindo kutoka kwa wafani wengine wa Kinyanga, jambo linalothibitisha kwamba Rureke hakuwa peke yake, alikuwa mmoja katika silsila. Mateene akawa mtaalamu wa lugha wa kutajika, akafanya kazi Kampala katika ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na akaandika sarufi ya Kihunde, lugha ya majirani zetu wa Masisi. Mwaka 2008 Mmarekani Aaron Shepard aliwasimulia watoto wa kwao kisa hicho katika kitabu alichokipa jina la mgwisho wa miujiza. Huku kwetu, Walikale ikitajwa hutajwa kwa kasiteriti ya Bisie na kwa vita, na mtoto wa Pinga au wa Nyabiondo aweza kumaliza shule asisikie kwamba mgwisho ule ulipungwa kijijini, katika msitu anaouona kila asubuhi.

Wale vijana waliopiga vijiti mbele ya Rureke hawatajwi sana Mwindo anaposifiwa. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1956, akiwa hai leo, amepita miaka 80. Wewe msomaji mwenye babu wa hirimu hiyo, awe Kisimba, awe Masisi mjini, awe amekimbilia Goma kwa sababu ya vita, mwendee wiki hii. Muulize nani alipiga ubao, nani aliitikia, she-karisi wa kijiji chao aliitwa nani na alifundishwa na nani, na uyaandike majina hayo kwa kalamu kabla hujamwomba akusimulie hadithi.