Uunganishaji wa mabomba na ethi (Mbinga na Nyasa)
Ni kazi ya kuunganisha mabomba ya chuma ya nyumba na ethi ya umeme kwa waya wa shaba wenye ganda la kijani na njano, ili hitilafu ikitokea bomba na mwili wa hita vibaki na volti sawa, na anayevigusa asipigwe shoti.

Bomba kufichwa ukutani si sababu ya kuliacha. Fundi hulifuata pale linapoingia nyumbani, kabla halijagawanyika, akakwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ndipo afunge kibano. Kibano kisifukiwe kwa saruji. Kikilegea lazima kionekane. Kipande cha plastiki katikati hukata njia ya umeme, hivyo upande wa pili hupimwa peke yake.

Ufukweni Mbamba Bay na Liuli, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida. Fimbo moja ya ethi huenda isitoshe. Huongezwa nyingine, au hiyo moja huzamishwa hadi kwenye unyevu. Kosa baya kuliko yote ni kulitumia bomba la maji kama ethi yenyewe: likibadilishwa kwa plastiki, nyumba nzima hubaki bila kinga.