Congo, mbwa aliyepata nyumba mbali na kwao

Familia inayohama na mizigo juu ya kamio mara nyingi haina nafasi ya mbwa. Waliotoka Kasulo mwaka 2017, sehemu ya kartie yao ilipozungushiwa ukuta na kufanywa mgodi, wanajua vitu gani hupanda kwanza na vitu gani hubaki. Mbwa hubaki. Huzunguka lupango isiyo na watu tena, akingoja, na ukiuliza ni wa nani utajibiwa: ni mbwa wa basenji tu, hana mwenyewe.

Neno basenji, yaani washenzi, watu wa porini, huku ni tusi. Ulaya ni jina la heshima. Waingereza walilichagua katika miaka ya 1930 kuwaita mbwa wadogo kutoka Kongo, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, ambao hawabweki kama wengine. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wasipotee katika majani marefu. Mwaka 1937 walipoonyeshwa kwenye mashindano ya Crufts, London, watu walijaa kuwaangalia.

Lakini mbwa wa kukumbukwa zaidi hakuonyeshwa na mtu. Mwaka 1941, meli ya mizigo iliyotoka Afrika ya Magharibi ilifika Boston, Marekani. Ilikuwa wakati wa vita, na tangu Freetown haikuwa imesimama mahali popote kwa muda wa majuma matatu hivi. Wafanyakazi walipofungua tumbo la meli walimkuta mbwa jike, amebaki ngozi na mifupa, katikati ya mizigo. Hakuna aliyejua amepanda bandari gani, wala mwenyewe alikuwa nani.

Wangeweza kumtupa. Walimpeleka kwa shirika la Animal Rescue League la Boston, lililokuwa likiokoa wanyama, nalo likamlisha na kumtafutia nyumba. Alichukuliwa na Alexander Phemister, mtu wa Massachusetts, na jina lake likawa Congo.

Mwaka ule ule, watu wa Katanga walikuwa wakichimba shaba kwa ajili ya vita hiyohiyo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wakidai mshahara. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Mambo hayo mawili hayalingani, lakini yanakaa katika mwaka mmoja.

Phemister hakuishia hapo. Mbwa wengine wawili waliletwa kutoka Kongo pamoja na sokwe wakubwa waliokuwa wakisafirishwa kwenda Marekani, naye akawachukua pia. Waliitwa Kindu na Kasenyi. Mtu wa Maniema au wa Ziwa Albert akisikia majina hayo leo hahitaji kuelezwa. Mwaka 1942 wapenzi wa mbwa hao walianzisha chama chao Marekani, na uzao wa wale waliookotwa uliingia katika ukoo wa basenji wa huko.

Miaka ya 1980 Wamarekani walirudi kutafuta damu mpya, kwa kuwa mbwa wao walikuwa wameanza kuugua kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu. Walikwenda mpaka Uele, kaskazini mwa Zaïre, wakawaomba wawindaji wa Kizande wawape watoto wa mbwa. Waliwakuta bado wana kengele shingoni.